Gia ya Kushukia Mlima

Ami yangu aliniuliza swali moja tu kabla ya kunipa funguo za gari lake. Alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake huku kwetu Junda, Mombasa, anajipangusa unga mikononi, na wateja wawili walikuwa wakimsubiri.

"Mlima waujua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikuujua. Nilikuwa na leseni ya miaka miwili, na kazi yangu ilikuwa kupeleka mikate madukani kwa pikapu ya tajiri wangu, kutoka Kisauni hadi Mjambere, hadi Bamburi, kisha kurudi. Huko kote ardhi imelala. Mwinuko mkubwa niliokuwa nikiupanda ulikuwa daraja la Nyali. Lakini mimi tangu udogoni nikiulizwa jambo mbele ya watu huitikia, ili macho yao yaniondokee. Mwalimu alikuwa akiniuliza, "Umeelewa?" nami naitikia, anaendelea na mwingine. Nilifika darasa la nane hivyo hivyo, na shule ikaishia hapo.

"Basi nisikilize," ami akasema. "Kupanda, tia gia nzito. Kushuka, toa gia kabisa, uliache gari litelemke lenyewe. Mlima wakupa bure, mafuta utayakuta kama ulivyoyaacha."

Aliyasema kwa utulivu wa mtu aliyezeekea milimani. Wateja wake wote wawili wakatingisha vichwa kukubali. Nikapokea funguo.

Safari yenyewe ilikuwa ya dada yangu. Dada ameolewa na Mtaita. Shemeji alisilimu kabla ya ndoa, anafanya kazi kwenye ghala moja Changamwe, na wamejaliwa watoto watatu: msichana wa miaka saba, mvulana wa miaka mitano, na mchanga wa miezi kumi. Mamake shemeji anaishi juu ya milima ya Taita, mbele ya Wundanyi, na magoti yake hayamruhusu tena kuteremka. Alikuwa hajamwona hata mmoja kati ya wajukuu hao. Mwezi wa nane shule zilipofungwa, shemeji akatangulia wiki nzima kwenda kuziba paa la mamake, na dada akasema safari hii watoto watafika, hata kwa kubebwa mgongoni.

Mama aliposikia, akasema hawezi kuwaacha wajukuu zake waende baridini peke yao.

"Peke yao vipi, Mama? Si nipo mimi?" dada akamwambia.

"Wewe nawe ni mtoto vile vile."

Kwa hivyo tulikuwa sita. Watano hao walipanda gari kwa sababu ya kichwa changu kilichoitikia.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mama alikuwa ametia nazi ishirini nyuma ya gari, nguru wa kukaanga kwenye karatasi, bakuli kubwa la mahamri, na pakiti mbili za kachri, chipsi kavu za muhogo zilizotiwa pilipili, zile zilizofungwa kwa moto zisiingie upepo. Sisi hatuna sweta. Mama alikuwa amekwenda Kongowea kwenye mitumba akarudi na sweta tano nzito, moja ina picha ya kulungu, na aliwavisha watoto tangu nyumbani, asije akasahau. Tulipofika Mariakani mvulana alikuwa mwekundu, jasho linamchuruzika, naye hakubali kuvua kwa sababu ya kulungu wake.

Kabla ya hapo tulipita Mazeras. Barabara ilipoanza kuinuka kidogo, nilitia gia ya tatu, mikono imelowa, na mvulana akauliza, "Mjomba, ndio mlima huu?"

"Labda," nikasema.

Dadake akacheka. "Mlima una theluji, we mjinga."

Sikujua nani kati yao alikuwa karibu zaidi na ukweli.

Njia ya Voi ni ndefu na imenyooka. Mbele ya Maungu tuliwaona ndovu, wekundu kama waliopakwa udongo wa chungu, wamesimama ng'ambo ya reli. Mama akatuomba tusimame, kisha akatuomba tuondoke, yote kwa pumzi moja. Kule Voi tukakata kushoto, na baada ya Mwatate mlima ukasimama mbele yetu. Niliutazama kwa kioo chote cha mbele na bado sikukiona kilele chake.

Kupanda hakukunishinda. Nilifuata maneno ya ami, gia nzito, polepole, na kila kona nilipiga honi. Barabara ilijipinda, ikajirudia, hata ukitazama dirishani unaiona pale pale ulipopita, chini ya miguu yako. Masikio yaliziba. Mama akawaambia watoto wameze mate. Mtoto mchanga akalia, dada akamnyonyesha, akanyamaza.

"Mjomba," msichana akasema, "kachri zimevimba."

Dada akageuka. Pakiti zote mbili zilikuwa zimetuna, ngumu kama mpira.

"Zimeharibika hizo," Mama akasema. "Zitupeni."

"Hazijaharibika, bibi. Zimejaa upepo."

"Nani aliyeutia upepo?"

Hakuna aliyejua. Watoto wakazipokezana, wanazipiga kama ngoma, na nilifurahi kwamba walikuwa na la kufanya, maana mimi sikuweza kuzungumza na kukata kona kwa wakati mmoja.

Kona chache baadaye tukaingia ukungu. Ulishuka kutoka msituni ukapita mbele ya gari, mweupe, na mvulana akasimama juu ya kiti.

"Moshi."

"Si moshi, ni ukungu," dada akasema.

"Nani anapika?"

"Hapana anayepika. Kaa chini."

Alikaa, lakini kila ukungu ulipopita alisema, "Moshi." Alisema hivyo mpaka Wundanyi. Pale tulikunywa chai ya moto, tukasali adhuhuri, tukaendelea, na bado alikuwa akisema. Mwishowe hakuna aliyemjibu.

Nilikuwa nimeanza kujiamini. Nilidhani mlima umekwisha, kwa kuwa tumeshafika juu. Sikujua kwamba huko juu nako kuna mabonde, unapanda tena na kushuka tena. Shemeji alikuwa amenieleza kwa simu: ukipita Wundanyi utapanda kidogo, halafu kuna bonde refu, ukitoka upande wa pili umefika. Nilipoliona bonde lile, nilifurahi. Sasa, nilijiwazia, mlima unatupa bure. Nikakanyaga klachi, nikatoa gia, nikaliachia gari.

Lilikwenda vizuri mwanzoni. Injini ilitulia, hata tukasikia ndege nje. Mama akasema, "Maskini, hili gari nalo limepumzika." Likazidi kasi, nikakanyaga breki. Likapungua. Nikaachia, likazidi, nikakanyaga. Kona ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu mguu wangu haukuondoka tena juu ya breki. Nilikanyaga muda wote, na gari halikupungua kama nilivyotaka.

"Moshi," mvulana akasema.

Hakuna aliyegeuka.

"Bibi, moshi. Unanuka."

"Ukungu haunuki, baba. Kaa."

Nilikuwa nimeisikia harufu kabla yake. Ilikuwa kama kiatu cha mpira kilichosahauliwa juu ya jiko. Nikakanyaga tena, na pedali ikashuka laini, ikaenda, ikaenda, ikagusa sakafu. Gari halikusikia. Mbele yangu kulikuwa na kona ya kulia, na upande wa kushoto wa kona hiyo sikuona kitu ila vilele vya miti.

Nimejaribu kukumbuka nilifikiri nini wakati ule na sikumbuki. Nakumbuka niliviona vichwa vya watoto kwenye kioo cha ndani, vyote viwili, na kulungu wa sweta. Nakumbuka kwamba sikusema neno. Upande wa kulia, kabla ya kona, kulikuwa na kijia cha udongo mwekundu kinachopanda kwenda mashambani. Nikakata usukani. Nazi zikagonga nyuma, zikabiringika. Gari likapanda kijia kile, likapanda, likachoka, na kabla halijaanza kurudi nyuma nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili na kutia gia. Likasimama.

"Tena, Mjomba," mvulana akasema.

Mama akatengeneza buibui lake begani. "Tumefika?"

Sikuweza kuondoa mikono kwenye usukani. Nilisikia dada akisema, "Mbona pana moshi kweli?" na mlango ukafunguliwa. Ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele, mweupe, na ulipanda taratibu ukachanganyika na ukungu.

Dada alikuwa hodari kuliko mimi. Alimkabidhi Mama mtoto mchanga, akawatoa wakubwa wawili, akachukua dumu la maji ya kunywa, akaenda nalo kwenye gurudumu.

"Usimwage."

Tuligeuka. Mama mmoja alikuwa akiteremka kutoka shambani, mgongoni ana mzigo wa majani ya ng'ombe uliomzidi ukubwa. Aliuweka chini bila haraka.

"Ukimwaga maji baridi hapo chuma kitapasuka. Wacha ipoe yenyewe." Kisha akaniangalia mimi, nilikuwa nimeshatoka, nimejiegemeza kwenye mlango. "Ulikuwa unashuka na gia gani?"

Wote walinitazama. Mama, dada, watoto. Hapakuwa na njia ya kuitikia kwa kichwa. Lile halikuwa swali la ndiyo au la.

"Sikutia gia," nikasema.

"Hukutia?"

"Niliitoa. Ili mafuta yasiende."

Yule mama akawaangalia watoto, akahesabu kwa macho, mmoja, wawili, na yule aliyebebwa.

"Nyinyi ni wa wapi?"

"Mombasa," dada akasema. "Kisauni."

"Ndiyo maana. Huko kwenu ni sahani." Akakaa juu ya mzigo wake. "Mzee wangu aliendesha lori la mboga hapa miaka mingi. Kabeji na nyanya mpaka sokoni Kongowea. Alikuwa akisema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Hiyo breki ni ya kusaidia tu."

Mama alimpa dada mtoto, akanijia, akasimama karibu mno, kama anavyofanya anapotaka watu wengine wasisikie.

"Uliwahi kupanda mlima kabla ya leo?"

"La, Mama."

"Na ami yako hakukuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Niliitikia."

Nilingoja anipige au anilaumu. Mama ni mtu wa maneno mengi, na yote anayajua mahali pa kuyaweka. Aliniangalia muda, midomo yake ikienda polepole kwa dua, kisha akashika shavu langu kama vile nilikuwa wa umri wa yule wa kulungu.

"Wewe mtoto," akasema. "Ulimi wako utakuja kutuua sote kwa kulala."

Hapo nikakaa chini kwenye udongo. Sikulia, lakini nilikuwa karibu. Jambo lililonishangaza ni kwamba nilihisi mwepesi. Tangu Junda nilikuwa nimelibeba neno lile moja, na sasa lilikuwa nje, kila mtu ameliona, hata mgeni mwenye majani, na hakuna aliyekufa.

Tulikaa pale karibu saa nzima. Mama akafungua mahamri, akamkaribisha yule mama, naye akala mawili, akauliza ndani mna nini. "Iliki na tui la nazi," Mama akamwambia, na wakaanza kuzungumzia nazi, na jinsi huku zilivyo adimu. Watoto waliokota majani wakawalisha ng'ombe wasioonekana. Magurudumu yalipopoa hata mkono ukakaa juu yake, nilikanyaga breki gari likiwa limesimama, na pedali ikawa ngumu tena kama zamani.

"Mimi nashuka hapo chini tu," yule mama akasema. "Nitakaa mbele."

Mzigo wa majani tukaupakia juu ya nazi. Nilirudi kinyumenyume hadi barabarani, yeye akiwa ametoa kichwa dirishani, kisha akaelekeza kidole mbele.

"Namba moja."

Nikatia. Injini ikalia kwa nguvu, ikatia aibu. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba gari likilia linakula mafuta, na mguu wangu ulikuwa unataka kwenda kwenye klachi.

"Wacha ilie," akasema. "Ikilia ndiyo inakushikilia."

Na kweli ilitushikilia. Tulishuka lile bonde lililobaki kwa mwendo wa mtu anayekwenda msikitini mapema. Breki niligusa mara tatu tu. Nyumba yake ilikuwa pale chini kwenye daraja, ina mabati ya bluu. Alitushukuru kwa kumbebea majani, kana kwamba sisi ndio tuliomsaidia.

Mamake shemeji alikuwa ametungoja mlangoni tangu asubuhi, kwenye kiti, amejifunga shuka mbili. Watoto walimwamkia shikamoo wakiwa mbali, wakimwogopa. Alisema marahaba, na akanyoosha mikono kwa yule mchanga. Dada akamweka mapajani pake. Bibi alimnusa kichwani, akamgeuza, akatazama nyayo zake, akamwambia shemeji jambo kwa Kitaita.

"Anasema miguu ni ya baba yangu," shemeji akatufasiria.

Nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya gari na kuzipanga nazi upya, ingawa hazikuwa na haja ya kupangwa. Nilikuwa naiona ile kona, na vile vilele vya miti.

Bibi alikuwa amefunga jogoo mguu kwenye nguzo, siku ya tatu hiyo, anamsubiri Mwislamu amchinje, maana alijua hatuli kilichochinjwa hovyo. Shemeji alichukua kisu. Bibi akamzuia.

"Wewe umesilimu juzi. Achinje huyu wa Mombasa."

"Miaka minane, mama."

"Ndiyo juzi hiyo."

Tukacheka sote, hata Mama. Nilichinja mimi.

Asubuhi iliyofuata mvulana alitoka nje, akarudi mbio, amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Alipoulizwa alikataa kufungua. Mwishowe alisema kwa woga kwamba ndani yake kunaungua, moshi unamtoka. Shemeji akampeleka nje akampulizia pumzi yake mwenyewe, nyeupe, na wakakaa pale wawili wakitoana moshi mpaka chai ikapoa.

Shemeji alikuwa ameshasikia habari za barabarani. Dada alimweleza yote. Shemeji aliniambia kwa upole kwamba atatafuta dereva wa pale atushushe hadi Mwatate, nami nitachukua gari kuanzia hapo, penye tambarare. Yeye mwenyewe hajui kuendesha. Nikaanza kuitikia kwa kichwa. Nilikwisha kukiinamisha nusu.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Nina pahali nataka kwenda."

Nilishuka kwa miguu hadi kwenye mabati ya bluu. Nilipita mlango wa ua wao mara mbili, kwenda na kurudi, najifanya natazama mto. Mara ya tatu mbwa akabweka, na yule mama wa majani akachungulia, kwa hivyo haikuwezekana kupita tena. Mumewe alikuwa amekaa jikoni karibu na moto, mzee mfupi mwenye vidole vinene, anamenya viazi.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Yote yakapotea ila haya: "Shikamoo, mzee. Sijui kushuka mlima. Naomba unifundishe."

"Marahaba," akasema. Akamaliza kiazi alichokuwa nacho. "Wewe ndiye wa breki?"

"Ndiye mimi."

"Leta gari. Bila watoto."

Tulipanda na kushuka bonde lile mara nne asubuhi ile, sisi wawili tu. Hakuwa mtu wa maneno. Kabla ya kila mteremko alininyooshea vidole, kimoja au viwili, nami natia gia hiyo kabla gari halijainamia. "Kabla," alirudia. "Ukishainama umechelewa." Safari ya tatu hakunyoosha kidole tena. Safari ya nne alifumba macho, na sikujua kama analala au anasikiliza injini. Tuliposimama mlangoni pake akauliza, "Nani alikwambia utoe gia?"

"Ami yangu."

"Ameshuka mlima gani, huyo ami?"

Sikuwahi kumuuliza.

Siku ya kuondoka shemeji alikuwa ameshampata dereva. Kijana mmoja, amevaa kofia ya sufu, amesimama kando ya gari. Mama alitoka na kikapu chake cha kabeji za zawadi, akamtazama yule kijana, akanitazama mimi.

"Yule mzee amesemaje?" akaniuliza.

"Amesema naweza."

"Na wewe wasemaje?"

Nilingoja kidogo, kwa sababu nilitaka liwe jibu langu na si la kichwa changu.

"Naweza, Mama. Lakini polepole. Tutachelewa."

"Tuchelewe," akasema Mama. Akamshukuru yule kijana, akampa nazi mbili. Kisha akafungua mlango wa mbele. "Mimi nakaa hapa. Nitakuangalia mguu."

Na kweli aliuangalia. Mama hajawahi kushika usukani maishani mwake, lakini tangu Wundanyi hadi chini hakutazama mlima hata mara moja. Alikuwa ameinama, macho kwenye pedali. Kila mguu wangu wa kulia ulipokwenda kwenye breki aliguna, na kila nilipoutoa alisema, "Ehee." Injini ililia muda wote. Magari mengine yalitupita yakipiga honi, na mtu mmoja alituuliza dirishani kama tunasindikiza jeneza. Dada akamjibu, "Hapana, tunalikimbia." Watoto walihesabu kona. Msichana alipata idadi yake na mvulana yake, wakagombana, wakataka turudi juu tuhesabu tena.

Nilipoona paa za Mwatate na barabara imenyooka mbele yangu, niliegesha kando. Nilishuka nikashika gurudumu. Lilikuwa na joto la kawaida, kama kikombe cha chai ya pili. Mama naye alishuka, akajinyoosha kiuno kilichokaa kimeinama mwendo ule wote, akasema alhamdulillahi mara tatu, kisha akaniuliza kama choo kiko karibu.

"Mjomba," msichana akaita kutoka ndani, "kachri zimekonda."

Walikuwa wamekula pakiti moja tu kule juu. Ile nyingine, ambayo bibi yao wa mlimani alikataa ifunguliwe akisema itapasuka, ilikuwa imelegea, imenywea, imerudi ilivyokuwa. Mama akasema basi sasa zimepona, tuzile. Tulizila pale kando ya barabara, kwenye jua, sweta zimevuliwa zote ila ya kulungu. Sidhani nimewahi kula kitu kitamu vile. Pilipili ilinitoa machozi, na niliyaacha yatoke, kwa kuwa yalikuwa na sababu.

Tulifika Junda jua likiwa bado juu ya minazi. Niliwashusha watu nyumbani, nikalipeleka gari dukani kwa ami. Njiani nilikuwa nikijiambia kwamba si lazima. Breki zimepona. Gari zima. Angeuliza tu safari ilikuwaje, nami ningesema nzuri, na ingekuwa kweli.

Alikuwa anampimia mtu sukari.

"Ehe, lilipanda?"

"Lilipanda, ami." Nikaweka funguo juu ya kaunta. "Lakini kushuka niliziunguza breki. Nilitoa gia. Na siku ile uliponiuliza kama naujua mlima, sikuujua. Nilikudanganya. Breki zikaguliwe na fundi kabla hujaliendesha."

Mteja akaacha kutazama mizani. Ami akashusha kijiko cha sukari.

"Watoto?"

"Wazima. Wote wazima."

Akavuta pumzi, akaketi juu ya gunia la mchele. Kisha akakuna ndevu.

"Na mimi nikakwambia utoe gia."

"Ndiyo."

"Wallahi, mwanangu," ami akasema, na akapunguza sauti ingawa mteja alikuwa pale pale, "mimi gari hili sijapata kulivusha Mazeras."

Sikujua kama naruhusiwa kucheka. Mteja ndiye aliyeanza. Ami akafuata, akacheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa kikoi, nami nikacheka kwa mara ya kwanza dukani mwake, kwa sauti. Alipotulia alisukuma kasha la sabuni kwa mguu, akanionyesha nikae.

"Haya, nieleze. Mtu akishuka, anatia gia gani?"

Nikakaa, nikamweleza. Nilianzia kwenye kidole kimoja cha yule mzee, na ile "kabla" yake, na jinsi injini inavyolia ikiwa imekushikilia. Maneno yalitoka polepole, kama yanavyotoka siku zote, lakini yalitoka yote. Sukari ya yule mteja ilibaki kwenye mizani mpaka nilipomaliza.